Kalamu Moja, Njia Nne

Kila mwaka vijana wanaomaliza shule ya sekondari katika Kongo nzima huketi kuandika mtihani wa serikali, na wenzao wa Fizi na Baraka wamo pamoja nao. Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1967. Kabla ya masomo mengine, mwanafunzi huandika insha kwa Kifaransa, ile iitwayo disertasio. Hupewa neno moja la kuzungumzia. Hulitetea kwanza, kisha hulipinga, na mwishowe huzipatanisha pande mbili. Wazazi wanaijua sana karatasi hiyo, maana wengi wao wameuza mihogo na samaki miaka mingi ili mtoto afike siku ile.

Kazi hiyo ni njema, wala hatuidharau. Lakini yafaa tuulize jambo moja. Mtoto aliyeandika insha kwa ajili ya mtihani tu, amepata kuandika hata mara moja ili ajue yeye mwenyewe ni nani, ametoka wapi, na mambo yaliyompata yana maana gani? Wengi hawajapata. Wamejifunza kulijibu swali la mwingine, wala hawajajifunza kujiuliza swali lao wenyewe. Katika nchi iliyopatwa na mengi kama Fizi, hasara hiyo si ndogo.

MAANA YA NENO

Neno insha limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kuanzisha au kutunga kitu ambacho hakikuwapo. Wafaransa nao wana neno lao, essai, maana yake jaribio. Aliyelipa neno hilo kazi hii ni Michel de Montaigne, mtu wa upande wa Bordeaux, aliyetoa vitabu vyake vya kwanza mwaka 1580. Aliketi katika mnara wa nyumba yake, akaandika juu ya hofu, urafiki na mauti, hata juu ya maumivu ya vijiwe vilivyomtesa mwilini. Alisema wazi kwamba yeye mwenyewe ndiye habari ya kitabu chake. Wala asidhani mtu kwamba aliandika penye amani. Siku zile Ufaransa ilikuwa inaungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jirani akimwinda jirani yake. Katika fujo hiyo mtu mmoja alitaka kujua ni kitu gani kilichobaki imara ndani yake.

Basi insha ni kutunga, tena ni kujaribu. Mwandishi hajui bado atafika wapi. Akijua yote kabla ya kushika kalamu, hana haja ya kuandika. Lakini majaribio hayafanywi kwa njia moja. Walimu hutaja namna nyingi za insha. Sisi tutashika nne, na ili mambo yaonekane vizuri, tutapita njia zote nne tukiwa na kitu kimoja tu, mtumbwi wa mvuvi wa Baraka.

NJIA YA KWANZA: KUSIMULIA

Masimulizi huuliza: kulitokea nini? Ni njia ya kale kuliko zote, maana wazee wetu waliitumia kando ya moto kabla karatasi haijafika ziwani.

Ng'ambo ya Tanganyika, katika misheni ya Karema, aliishi tabibu mmoja mwenye sifa, Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, mbali sana huko magharibi ya Afrika. Alipokuwa mtoto mdogo alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, akapitishwa jangwani, kisha akakombolewa na mapadre katika Algeria. Alisoma utabibu katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu pale mpaka alipokufa mwaka 1956. Katika uzee wake aliandika habari za maisha yake mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946. Wengi walikwisha kuandika juu ya watumwa. Lakini yeye aliandika kama mtu aliyekuwa mtoto yule aliyenyakuliwa. Ni tofauti kubwa.

Watu wa Fizi nao wana safari zao. Mwaka 1996, vita vilipoingia Kivu, maelfu walivuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo huo. Wako vijana waliozaliwa kule, wakasoma katika shule zilizofuata masomo ya Kongo, huku Kongo yenyewe hawajaiona kwa macho. Tuseme kijana mmoja wa namna hiyo anaandika habari aliyopewa na mama yake. Ataanza hivi:

"Waliondoka usiku. Mama alimfunga kaka yangu mgongoni kwa kitenge. Babu mvuvi ndiye mwenye mtumbwi. Alihesabu watu, akahesabu tena, maana mmoja alikosekana. Alikuwa bibi. Bibi alikuwa amerudi nyumbani kufunga mlango."

Tazama, hapa hapana neno hata moja la huzuni, wala mwandishi hakusema kwamba vita ni vibaya. Ametaja kitenge, hesabu na mlango. Katika kusimulia, kijana hujifunza kuyaweka mambo kwa taratibu yake: hili lilitangulia, lile likafuata, hili sikuliona ila nimeambiwa. Msiba uliokuwa wote kwa pamoja, kama moshi ndani ya nyumba, hupata mwanzo na mwisho. Mwenye kuuandika haufuti, lakini sasa aweza kuushika mkononi na kuutazama.

NJIA YA PILI: KUELEZA YALIYOONEKANA

Maelezo huuliza: kitu hiki kikoje? Huonekana kuwa kazi nyepesi, kumbe ndipo wengi hukosea.

Tusome kosa moja mashuhuri, nalo lilifanyika mbele ya Baraka hasa. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda mitumbwi Ujiji wakaelekea Uvira. Njiani waliiona nchi ya Ubwari, na Burton akaiandika katika kitabu chake kuwa ni kisiwa. Alikuwa ameitazama kutoka majini. Lakini Ubwari si kisiwa. Ni rasi ndefu, imeshikamana na nchi kavu upande wa kusini, na kati yake na bara mna ghuba. Henry Morton Stanley, alipolizunguka ziwa mwaka 1876, ndiye aliyeisahihisha ramani. Ghuba ile akaipa jina la Burton, yaani la mtu yule aliyekosea! Na Mbwari yeyote aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka kwao mpaka bara angaliweza kuwaeleza habari hiyo kwa siku moja. Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapo pana sababu kubwa ya kuwafundisha vijana wetu kueleza. Mahali pasipoelezwa na wenyeji pataelezwa na wapita njia, nao wataita kisiwa kitu kisicho kisiwa. Siku hizi jina la Fizi hutajwa mara nyingi redioni pamoja na bunduki, na msikilizaji wa mbali hudhani kwamba hapana kitu kingine. Hajui mihogo inayoanikwa, wala mitumbwi itokayo jioni wakati mwezi umefichika ili kuwavuta ndagala kwa mwanga wa taa.

Si jambo lisilowezekana. Mtu wa ziwa hili hili alikwisha kutangulia. Stefano Kaoze, Mtabwa wa upande wa Marungu, alikuwa bado mwanafunzi wa seminari wakati maandishi yake juu ya fikira za Wabantu yalipotolewa kwa Kifaransa katika jarida moja la Ubelgiji, miaka ya 1910 na 1911. Katika Wakongo, alikuwa wa kwanza kuchapishiwa maandishi ya namna hiyo kwa lugha ile. Baadaye, mwaka 1917, alipewa upadre, akawa padre wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Wazungu walikuwa wakiandika vitabu juu ya namna Mwafrika anavyofikiri. Kaoze akaandika kama mmoja wa wale wanaofikiriwa. Bila shaka, alipokuwa akiwaeleza wageni watu wake, alilazimika kujiuliza mambo ambayo mwenyeji hajiulizi, kwa kuwa ameyazoea.

Turudi kwa mtumbwi wetu. Mwenye kueleza ataandika: "Una mbao saba. Ya tatu kutoka chini ni ya mti mwingine, maana iliwekwa baada ya kugonga mwamba. Ndani unanuka samaki na mafuta ya taa. Ukingoni pana mfuo laini, mahali ambapo kamba ya wavu imepita miaka ishirini." Asiandike "mtumbwi mzuri". Uzuri hauonekani, mfuo wa kamba unaonekana. Na mtoto aliyeutazama mfuo ule kwa makini ameanza kuifahamu kazi ya babu yake.

NJIA YA TATU: KUTOA HOJA

Hoja huuliza: naamini nini, na kwa sababu gani? Hii ndiyo njia ya mtihani. Basi isidhaniwe kwamba disertasio haina faida kwa moyo wa mtu. Ina faida, ikiwa mwandishi anaitumia kwa jambo linalomgusa.

Tuseme habari ni hii: je, wavuvi waruhusiwe kuvua kwa vyandarua vya mbu? Kijana wa Baraka ana maneno ya pande zote mbili nyumbani kwake. Vyandarua hukokota hata samaki wachanga ambao hawajazaa. Basi kesho ziwa litakuwa tupu. Lakini mjane asiye na fedha ya kununua wavu mwema ana watoto leo, si kesho. Akiziandika hoja hizi mbili kwa haki, atagundua kwamba swali halikuwa juu ya vyandarua tu. Ni nani atakayemsaidia mjane apate wavu?

Liko neno zito zaidi. Katika wilaya ya Fizi, wakati wa kiangazi, wachungaji hushuka na ng'ombe kutafuta majani, hata katika sehemu za Lulenge na Ngandja. Mara nyingi pamekuwa na ugomvi: mazao yameliwa, ng'ombe wameibwa, malipo ya desturi kwa wenye ardhi hayakuelewana, na damu imemwagika. Kijana wa mkulima ana maneno yake, na kijana wa mchungaji ana yake. Kila mmoja ameyasikia tangu utoto, naye hudhani kwamba hayo ndiyo fikira zake mwenyewe.

Hapa sheria ya hoja ni dawa. Kabla hujampinga mwenzako, andika maneno yake namna ambavyo yeye mwenyewe akiyasoma atasema: Naam, hivyo ndivyo nisemavyo. Mkulima aandike kwamba mnyama hawezi kungoja mvua. Mchungaji aandike kwamba shamba lililoliwa usiku mmoja ni chakula cha mwaka. Kufanya hivyo si kushindwa. Huenda kila mmoja akabaki na dai lake. Lakini sasa amelichagua kwa akili, hakulirithi tu kama jina la ukoo. Tena amemwona mwenzake kuwa mtu mwenye sababu.

NJIA YA NNE: KUTAFAKARI

Tafakari huuliza: jambo hili lina maana gani kwangu? Nayo ni ngumu kupita zote, maana hapana mwalimu awezaye kutoa jibu.

Mwafrika mmoja wa kale alitupa mfano. Agostino, aliyezaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandika Maungamo yake karibu na mwaka 400. Humo anasimulia kwamba, alipokuwa kijana wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapea katika mti wa mtu, wala hawakuwa na njaa. Mengi wakawatupia nguruwe. Wizi wenyewe ameusimulia kwa maneno machache tu. Kisha kwa kurasa nyingi anauliza: Kwa nini nilifanya? Ningalifanya kama ningalikuwa peke yangu? Wengine wangaliona ni mchezo wa watoto. Yeye aliona kwamba katika jambo dogo lile mlikuwa na swali kubwa juu ya moyo wa mwanadamu.

Mfano wa pili ni wa huku kwetu. Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara, yule Mwargentina aliyepigana Kuba, alivuka kutoka Kigoma na wenzake, akaingia milima ya Fizi kuwasaidia waasi. Watu walimwita Tatu. Mwezi wa Novemba walikimbia kurudi Kigoma, shauri lao limevunjika. Kule milimani alikuwa akiandika mambo ya siku katika daftari. Lakini alipofika Dar es Salaam aliketi, akayasoma tena yale aliyoyaandika, akatunga kitabu kingine juu yake, na tangu mwanzo akakiri kwamba ni habari ya kushindwa. Kila mtu aweza kumpenda au kumchukia. Hilo si neno letu leo. Twataka kuonyesha kwamba daftari la siku na tafakari si kitu kimoja. La kwanza linasema: leo mvua imenyesha, watu wawili wametoroka. La pili linauliza: Kwa nini walitoroka, nami nilikuwa na sehemu gani katika hilo?

Lakini kitabu kile ni tafakari ya mgeni. Mama wa Fizi aliyewaona wageni hao wakipita shambani kwake mwaka 1965, yeye alifikiri nini? Wengi wa rika lake wamekwisha kufa, na fikira zao wamekwenda nazo kaburini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa Kiswahili safi twaye kiongozi, Shaaban Robert wa Tanga, aliyetoa Kielezo cha Insha mwaka 1954 na kuandika pia habari za maisha yake. Alionyesha kwamba lugha hii yetu yatosha kwa mambo ya sokoni, na yatosha vile vile kwa siri za moyo.

Basi kijana wetu ataandika hivi juu ya mtumbwi: "Tangu babu alipougua mtumbwi haujaingia majini. Watu wawili wamekuja kuununua, naye amewakataa. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Sasa naona kwamba hauzi chombo kilichotuvusha. Lakini mimi sitaki kuwa mvuvi. Nikiuuza baada yake, nitakuwa nimeuza mbao, au nitakuwa nimeuza nini?" Hakumaliza kwa jibu, wala si lazima. Swali hilo alikuwa hana kabla ya kuandika.

LUGHA IPI?

Wengine watauliza: aandike kwa lugha gani? Kifaransa ni lugha ya serikali na ya mtihani. Ajifunze vema, asije akafungiwa mlango. Kiswahili kimetajwa katika katiba ya mwaka 2006 kuwa moja ya lugha nne za taifa, na katika soko la Baraka ndicho kinachowakutanisha watu wa makabila yote. Kibembe na lugha nyingine za nyumbani zina maneno ambayo hayavuki ziwa, ukiyafasiri, yanapungua.

Shauri letu ni hili: hoja aziandike kwa Kifaransa, ili azoee, masimulizi ayaandike kwa Kiswahili, ili wengi wayasome, na tafakari aiandike kwa lugha ile anayoota nayo ndoto. Neno la wazee lisilo na mfano wake katika lugha nyingine aliache kama lilivyo, kisha alieleze.

NENO KWA WAZAZI

Baba na mama, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari moja, kalamu moja, na nafasi ya kukaa kimya kidogo. Mkimwona binti yenu ameinama juu ya karatasi ambayo si ya shule, msiseme kwamba anapoteza mafuta ya taa. Msimnyang'anye daftari na kulisoma mbele ya watu. Mtoto akiaibishwa mara moja ataandika uongo siku zote. Akiwauliza habari za safari ya mwaka 1996, au za babu zake, mjibuni kweli kwa kadiri ya umri wake, hata kama neno lenyewe lauma. Na ninyi msiojua kusoma msijione kuwa mko nje: semeni, naye aandike. Insha nyingine njema huwa na watu wawili, mmoja mwenye kukumbuka na mmoja mwenye kalamu.

Nanyi vijana, msingoje mpaka mwe wasomi. Chukueni kitu kimoja cha nyumbani: jembe, kinu, mlango, mtumbwi. Juma la kwanza simulieni habari yake. Juma la pili kielezeni jinsi kilivyo. Juma la tatu toeni hoja juu yake. Juma la nne kaeni kimya kwanza, halafu andikeni kina maana gani kwenu. Mwisho wa mwezi mtakuwa na karatasi nne. Msomeeni bibi ile ya kwanza: atawasahihisha mahali mlipokosea, kisha, kama ilivyo desturi ya mabibi, ataongeza habari nyingine ambayo hamjaisikia bado. Iandikeni hiyo nayo.